José de San Martín, Jenerali Aliyelishona Jeshi Lake

Ukimwuliza mtu ni nani aliyeikomboa Amerika ya Kusini kutoka mikononi mwa Wahispania, akijua chochote atakutajia Simón Bolívar. Hajakosea, ila amekupa nusu ya habari. Bolívar alitoka kaskazini. Huko kusini, katika nchi ambazo leo ni Argentina, Chile na Peru, kazi ilifanywa na mtu mwingine, mkimya, mgonjwa wa tumbo na kifua, ambaye kabla ya kupigana alikaa zaidi ya miaka miwili akihesabu viatu, nyumbu, mizinga na vitunguu. Huyo ndiye José de San Martín. Nitasimulia zaidi habari za hiyo miaka miwili kuliko za vita vyenyewe, kwa sababu vita kila mtu huvisimulia.

Alizaliwa tarehe 25 Februari 1778 huko Yapeyú, kijiji kilicho kando ya mto Uruguay katika Argentina ya leo. Babake alikuwa ofisa wa jeshi la Uhispania. José alipokuwa mtoto mdogo familia ilirudi Uhispania, na mwaka wa 1789, akiwa na miaka kumi na mmoja tu, akaandikishwa katika Rejimenti ya Murcia kama mwanafunzi wa uofisa. Hebu fikiria! Wenzake wa umri huo walikuwa bado wanacheza kibemasa. Alipigana Afrika ya Kaskazini, akapigana na Wafaransa milimani, na mwaka wa 1808 akashiriki katika vita vya Bailén ambapo Wahispania waliyashinda majeshi ya Napoleon. Akapewa nishani na cheo cha luteni kanali. Kwa hivyo yale yote aliyokuja kuwafanyia Wahispania alifundishwa na Wahispania wenyewe, kwa gharama yao, kwa miaka ishirini na zaidi.

Mwaka wa 1811 aliacha jeshi la mfalme. Akapitia London, ambako alijinunulia kitara, yaani upanga uliopinda, usio na mapambo yoyote ya dhahabu. Tarehe 9 Machi 1812 meli yake ikatia nanga Buenos Aires. Watu wa huko walikuwa wameanza kujitawala tangu 1810, lakini hawakumjua wala hawakumwamini. Mtu aliyemtumikia mfalme miaka yote hiyo, leo ati amekuja kutusaidia? Hata hivyo walimpa kazi ya kuunda kikosi cha wapanda farasi, nao ndio wale mashuhuri wanaoitwa Granaderos. Aliwachagua mmoja mmoja, akawafundisha mwenyewe. Mwaka huo huo akamwoa Remedios de Escalada, binti wa ukoo wa matajiri. Bi. arusi alikuwa hajatimiza miaka kumi na mitano. Mimi nasema wazi kuwa jambo hilo halinipendezi, hata kama ilikuwa desturi ya wakati ule.

Kikosi hicho kilijaribiwa mara ya kwanza tarehe 3 Februari 1813 mahali paitwapo San Lorenzo, kando ya mto Paraná. Mapigano hayakuchukua hata nusu saa. Farasi wa San Martín alipigwa akaanguka, na mguu wa kamanda ukabanwa chini ya mnyama. Askari wa adui walikuwa wanakuja na singe. Aliyeruka kumvuta alikuwa askari wa kawaida, Juan Bautista Cabral, ambaye mamake alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kiafrika. Kamanda alipona. Cabral alijeruhiwa akafa. Msomaji, liweke jina hilo akilini, maana habari za watu wa asili yetu katika jeshi hili zitarudi tena.

Sasa tuje kwenye kiini. Wahispania walikuwa na ngome yao kuu Lima, mji mkuu wa Peru. Majemadari waliotangulia walikuwa wakijaribu kuifikia kwa njia ya nchi kavu kupitia nyanda za juu za Bolivia ya leo, na kila mara walirudishwa nyuma wakiwa hoi. San Martín aliangalia ramani akaona njia nyingine: kuivuka milima ya Andes kuingia Chile, kuikomboa Chile, kisha kupanda meli kwenda Peru. Ukiisema hivyo ni sentensi moja tu. Kuitenda kulihitaji jeshi, na jeshi hilo halikuwepo.

Mwaka wa 1814 aliomba apewe ugavana wa mkoa wa Cuyo, ulio chini ya milima hiyo, makao yake yakiwa mji wa Mendoza. Wengi walidhani ameomba mahali pa kupumzikia kwa ajili ya maradhi yake. Hakuwa amekaa hata miezi miwili, Oktoba 1814, wazalendo wa Chile wakashindwa vibaya huko Rancagua, wakakimbilia Mendoza kwa miguu kupitia theluji pamoja na kiongozi wao Bernardo O'Higgins. Mpango wa kupita Chile iliyo huru ukafa hapo hapo. Sasa Chile yenyewe ilikuwa chini ya adui.

Cuyo ulikuwa mkoa wa mashamba ya zabibu, mbali sana na bahari, na haukuwa tajiri. Gavana alianza kwa kuikata mshahara yake mwenyewe nusu, ndipo akawakata na watumishi wengine wa serikali. Akatoza kodi mapipa ya divai. Akachukua mali ya waliokuwa upande wa mfalme na kutoroka. Mabibi wa Mendoza, wakiongozwa na Remedios, walitoa vito vyao vya dhahabu na lulu. Kuna wanaosimulia habari hizi kana kwamba watu wote walitoa kwa furaha tele. Mimi sidhani. Mtu akiletewa askari mlangoni aambiwe atoe nyumbu wawili, hutoa, apende asipende. Lakini gavana aliandika hesabu, na kila mtu aliona kuwa yeye mwenyewe hakujitajirisha. Hilo lilimsaidia kuliko hotuba.

Kilomita chache kaskazini ya mji, mahali paitwapo El Plumerillo, ikajengwa kambi. Vibanda vya askari vilipangwa kwa mistari, uwanja wa mazoezi ukiwa mbele yake, na ukajengwa ukuta mnene wa udongo wa kulengea shabaha. Alfajiri tarumbeta, mazoezi mpaka jua kali, mapumziko mafupi, mazoezi tena. Maofisa nao walikuwa na masomo yao ya jioni, hapakuwa na ruhusa ya kujidai kwamba mimi ni ofisa nimeshajua.

Silaha je? Hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko aitwaye Luis Beltrán. Padri huyu alijua hesabu, kemia, useremala, uhunzi, na sijui nini hakukijua. San Martín alimweka kuwa mkuu wa karakana. Wafanyakazi walifika kama mia saba wakifanya kazi kwa zamu usiku na mchana. Padri alishusha kengele za makanisa akaziyeyusha zikawa mizinga. Alitengeneza risasi, singe, viatu vya chuma vya farasi na nyumbu, matandiko, na mikokoteni myembamba ya kuburuta mizinga kwenye vijia ambavyo gari la kawaida lisingepita. Alitengeneza hata daraja la kamba la kubebwa. Inasemekana kwa kupiga kelele ili asikike katikati ya nyundo na moto, sauti ilimkauka na haikurudi tena kama zamani.

Baruti ilitengenezwa hapo hapo chini ya José Antonio Álvarez Condarco, kwa kuwa ardhi ya Cuyo ina shura nyingi. Nguo je? Wanawake wa San Luis walifuma kitambaa cha sufu, kikaletwa Mendoza, kikatiwa rangi ya buluu, na kinu kimoja cha maji kikageuzwa kiwe cha kukigonga kitambaa mpaka kiwe kizito cha kuzuia baridi. Wanawake wa Mendoza wakashona sare bila kulipwa. Ng'ombe wakichinjwa kwa chakula cha kambi, hakikutupwa kitu: vipande vya ngozi vilishonwa viatu, ndani vikatiwa matambara ya sufu ili vidole visigande, na pembe zikawa vibuyu vya maji. Ndio maana nikasema alilishona jeshi. Jeshi lingine hununuliwa, hili lilishonwa!

Mwaka wa 1816 mambo yalinyooka kidogo. Tarehe 9 Julai bunge lililokutana Tucumán lilitangaza uhuru, na Mkurugenzi Mkuu mpya wa nchi, Juan Martín de Pueyrredón, akaanza kutuma mahitaji kutoka Buenos Aires. Ilipofika Januari 1817 lilikuwa na askari wapatao 4,000 wa kawaida, na zaidi ya elfu moja wa kusaidia: wachunga nyumbu, wachimba njia, wafanyakazi wa hospitali. Askari wa miguu walikuwa katika vikosi vinne, namba 1, 7, 8 na 11. Juu yao walikuwepo Granaderos wapanda farasi na kikosi cha mizinga. Daktari mkuu alikuwa Diego Paroissien, mzaliwa wa Uingereza. Risasi za bunduki zilikuwa 900,000. Na nyumbu walikuwa zaidi ya elfu kumi, pamoja na farasi 1,600. (Nyumbu ninaowataja ni wale wanaozaliwa na punda na farasi, si wale wa Maasai Mara. Hao wa Mara wangewaangusha mizinga siku ya kwanza.)

Vikosi namba 7 na 8 vilijaa Waafrika. Hili halisemwi sana. Serikali iliwaamuru wenye watumwa wa Cuyo watoe theluthi mbili ya wanaume waliofaa kupigana, na wengine walikuwa wameshachukuliwa Buenos Aires kwa njia hiyo. Waliahidiwa uhuru kwa sharti la kutumika jeshini. Jumla yao katika jeshi hili ilikuwa kama 1,500, yaani zaidi ya askari mmoja katika kila watatu. Baadhi yao walizaliwa huko, wengine walikuwa wameletwa na meli kutoka Angola, Kongo, na hata Msumbiji katika ufuo huu wetu wa Bahari ya Hindi. Maofisa wao walikuwa wazungu. San Martín aliwasifu hadharani kuwa ndio askari wa miguu walio bora. Naamini alisema kweli. Lakini pia yeye na serikali yake walijua kuwa mtu asiye na kitu chochote ila ahadi ya uhuru hawezi kutoroka jeshini na kurudi nyumbani, maana nyumbani ni kwa bwana wake. Mambo yote mawili ni kweli pamoja, na sioni sababu ya kuchagua moja.

Kabla ya kuondoka alifanya ujanja ambao ukiusoma utacheka. Septemba 1816 aliwaendea Wapehuenche, wenyeji wa milima ya kusini, akawaletea zawadi nyingi na kuomba rasmi ruhusa ya kupita katika nchi yao. Alikuwa na hakika kuwa siri hiyo itauzwa kwa gavana wa Kihispania wa Chile, Marcó del Pont. Ikauzwa kweli! Gavana akaanza kuwatawanya askari wake kwenda kusini. Kisha akamtuma yule Álvarez Condarco wa baruti kumpelekea gavana huyo huyo nakala ya tangazo la uhuru. Tangazo lilichomwa moto, na mjumbe akafukuzwa mara moja kwa njia ya mkato. Ndivyo ilivyotakiwa. Alikuwa ameingia kwa njia ndefu ya Los Patos, sasa anafukuzwa kwa njia fupi ya Uspallata, na zote mbili alizikariri kichwani, jiwe kwa jiwe, bila kuandika neno. Alipofika Mendoza akazichora.

Katikati ya Januari 1817 jeshi likaanza kupanda. Liligawanywa katika misafara sita iliyosambaa katika urefu wa kilomita kama 800, ili adui asijue kipi ni kisu na kipi ni ala. Minne ilikuwa midogo ya kutisha tu. Msafara wa Uspallata uliongozwa na Juan Gregorio de Las Heras, ukiwa na Padri Beltrán na mizinga yake iliyofungwa kwa ngozi. Mkubwa kabisa ulipita Los Patos pamoja na San Martín mwenyewe, akiwa juu ya nyumbu kama wengine, dawa ya afyuni mfukoni kwa ajili ya maumivu ya tumbo. Askari walipanda nyumbu na kuwaongoza farasi bila mizigo, ili farasi wafike na nguvu za vita. Chakula chao kilikuwa nyama iliyokaushwa na kupondwa, ikachanganywa na mafuta na pilipili. Ukiitia maji ya moto na unga wa mahindi, umekula. Walipewa vitunguu na vitunguu saumu vya kutafuna dhidi ya ugonjwa wa milimani, kwa kuwa njia ilipanda zaidi ya mita 4,000 ambako hewa ni haba na kichwa hupasuka kwa maumivu. Mchana jua liliunguza, usiku maji yaligandia ndani ya pembe. Nyumbu wapatao 4,300 tu ndio waliofika, na farasi kama 500. Wengine wote walibaki huko juu, mifupa yao ikawa alama ya njia.

Misafara yote miwili mikubwa ilitokeza upande wa Chile takriban siku moja, kama ilivyopangwa mezani Mendoza. Tarehe 12 Februari 1817 wakakutana na adui Chacabuco. O'Higgins, aliyekuwa na vikosi vya 7 na 8, hakungoja wenzake wazunguke mlima. Akashambulia, akarudishwa, akashambulia tena. San Martín ikabidi ashuke na wapanda farasi kumsaidia. Jioni ushindi ulikuwa wao. Watu wa Santiago walitaka kumfanya mtawala, akakataa, akachaguliwa O'Higgins. Wakampa peso 10,000 za zawadi, akaomba zijengewe maktaba.

Vita vilivyofuata nitavipita mbio. Usiku wa tarehe 19 Machi 1818 jeshi lilishambuliwa ghafla huko Cancha Rayada likatawanyika, mizinga mingi ikapotea, na O'Higgins akapigwa risasi mkononi. Padri Beltrán akarudi kwenye tanuri, na baada ya siku kumi na saba tu, tarehe 5 Aprili, jeshi hilo hilo likashinda kabisa huko Maipú. Kikosi cha 8 kiliumia vibaya sana siku hiyo. Mwezi wa Agosti 1820 San Martín akasafiri na askari zaidi ya 4,000 kwa meli zilizoongozwa na Mwingereza Lord Cochrane, na tarehe 28 Julai 1821 akatangaza uhuru wa Peru mjini Lima. Akawa mtawala wa Peru kwa muda. Akaamuru watoto wa watumwa waliozaliwa tangu siku ile wawe huru, na akaanzisha maktaba ya taifa. Tena maktaba!

Lakini Wahispania walikuwa bado wamejaa milimani, naye hakuwa na askari wa kutosha. Julai 1822 alikutana na Bolívar faraghani Guayaquil. Mpaka leo wanahistoria wanabishana walizungumza nini. Kinachojulikana ni kwamba alirudi Lima, akajiuzulu tarehe 20 Septemba 1822, akaondoka. Wengine wanauita woga. Mimi naona palikuwa na vitanda viwili na blanketi moja, naye akatoka chumbani. Kazi ya Peru ilimalizwa na Bolívar na jemadari wake Sucre mwaka wa 1824.

Nyumbani hakupata raha. Remedios alikufa kwa kifua kikuu Buenos Aires tarehe 3 Agosti 1823, mumewe hajafika. Walikuwa wameishi pamoja miaka michache tu. Februari 1824 akamchukua binti yao Mercedes, aliyezaliwa Mendoza mwaka wa 1816 wakati karakana zikivuma, wakaenda Ulaya. Mwaka wa 1829 alirudi kwa meli mpaka bandari ya Buenos Aires, akakuta ndugu kwa ndugu wanauana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakukubali upanga wake utumiwe hapo. Hata nchi kavu hakukanyaga, akageuza. Alikufa Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, tarehe 17 Agosti 1850, macho yakiwa karibu yamepofuka.

Na jeshi je? Februari 1824 mabaki yake, wengi wao wale watu weusi, waliasi katika ngome ya Callao kwa sababu hawakuwa wamelipwa mishahara, na ngome ikaangukia mikononi mwa Wahispania. Waafrika waliowahi kuivuka milima wakarudi makwao ni wachache mno, na Argentina yenyewe ilingoja mpaka katiba ya 1853 ndipo ikaufuta utumwa. Wale Granaderos walipigana hadi mwisho. Mwaka wa 1826 walirudi Buenos Aires watu 78, na kati yao waliokuwa wameanza na San Martín mwanzoni kabisa walikuwa saba. Kikosi kikavunjwa.

Mwaka wa 1880 mwili wa San Martín uliletwa ukazikwa katika kanisa kuu la Buenos Aires. Mwaka wa 1903 kikosi cha Granaderos kikaundwa upya, nacho ndicho kinachomlinda rais wa Argentina. Wawili wao husimama kando ya kaburi lake, wamevaa sare ya buluu ya mtindo wa zamani.